Kamina: Programu za kompyuta zijaribiwe na watumiaji kabla ya kuenezwa nchi nzima

Uchaguzi wa Disemba 20, 2023 uliwaachia somo wote wanaotengeneza programu za kompyuta nchini DRC: kazi ikingoja siku moja tu kuonyeshwa kwa watu, kosa dogo linageuka tatizo la taifa. Siku hiyo vituo vingi vilichelewa kufunguliwa, mashine za kupigia kura zilikosekana ao ziligoma sehemu mbalimbali, na tume ya uchaguzi, CENI, ikalazimika kuongeza muda.

Hata hivyo, kuandikisha wapiga kura kulikuwa kumefuata njia tofauti. Kulianza magharibi, pamoja na Kinshasa, Disemba 24, 2022. Kukafika Haut-Lomami na majimbo mengine ya Katanga na Kasai Januari 25, 2023, kisha Kivu na Ituri Februari 16. Huko nako raia walilalamikia mashine kuharibika na mistari mirefu. Lakini kosa lililoonekana magharibi liliweza kusahihishwa kabla ya kufika mashariki.

Wazo hilo liko karibu na Agile, njia ya kuongoza kazi ambayo wataalamu 17 wa programu waliiandikia misingi Februari 2001 huko Utah, Marekani. Kazi inakatwa vipande vidogo, mara nyingi vya wiki mbili. Kipande kikiisha, mtumiaji anakijaribu, na kikundi kinaulizana: nini kimeenda vizuri, nini kibadilishwe?

Kukata kazi vipande peke yake hakutoshi. Kikundi kinaweza kufanya mkutano kila asubuhi bila kumuuliza mtumiaji hata mara moja. Hapo jina la Agile linabaki, faida yake inapotea.

Kwa Kamina, jambo hili lina uzito. Programu ya kodi, shule ao hospitali iliyojaribiwa Kinshasa tu haionyeshi itakavyofanya umeme ukikatika ao mtandao ukiwa dhaifu. Ni nafuu kuanza na ofisi moja ya hapa, karani akae mbele ya kompyuta, na fundi aangalie anakwama wapi.

Sheria ya mambo ya kidijitali ilitiwa sahihi Machi 13, 2023, na mikataba ya programu za serikali itazidi. Mkataba ukitaja tarehe moja tu ya kupokea kazi, fundi hana haraka ya kuonyesha kosa. Ukidai jaribio kila mwezi, na malipo yakifuata jaribio, kosa litajulikana wakati kulirekebisha bado ni rahisi.