Ukiambiwa "Zima Antivairasi Kwanza", Toroka

Wasee, hebu niwaulize. Mtu afike usiku kwa geti ya ploti yenu, akuambie, "Mwambie soja akalale kwanza, ndio niingie." Utamfungulia? Basi mbona mnapakua programu za kraki kutoka Telegram, na maagizo yenyewe yanasema waziwazi, "Zima antivairasi kabla ya kuweka"?

Mimi nilizima. Nilitaka programu ya kuhariri video, ile ya kulipia kila mwezi, na mfuko ulikuwa umekauka. Kraki ikafanya kazi poa kabisa. Hapo ndipo tunadanganyika. Trojani haiji ikivunja vitu. Inakupa ulichotaka, halafu inachota kimyakimya.

Siku mbili baadaye chaneli yangu ilikuwa laivu, inauza sarafu feki za kidijitali. Niliacha chuo, hiyo chaneli ndiyo ofisi yangu. Paswadi ilikuwa ngumu, na nilikuwa nimeweka uthibitisho wa hatua mbili. Bure. Walichukua kuki, yaani kile kitambulisho brauza huhifadhi ili usiulizwe paswadi kila saa. Aliye nacho anaingia kama wewe.

Najua mtasema, "Hata programu halali huwekwa sumu." Kweli. Mtu aliyejiita Jia Tan alijenga uaminifu zaidi ya miaka miwili, kisha 2024 akaficha mlango wa nyuma ndani ya XZ Utils, programu inayotumika sana kwenye Linux. Lakini mlango huo uligunduliwa. Mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba hadi akaufichua. Sasa niambie, kraki yako ya Telegram inachimbwa na nani?

Siwaambii mlipe pesa hamna. DaVinci Resolve ina toleo la bure. Kdenlive ni bure kabisa. Pakua kwa tovuti ya wenyewe. Na programu ya tochi ikiomba kusoma SMS zako, ifute.

Kama ushaweka kraki, usibadilishe paswadi kwa laptopu hiyo hiyo. Tumia simu safi, ondoa vifaa vyote kwenye akaunti, kisha futa laptopu uanze upya.

Na wewe unayesambaza hizo linki kwa grupu ukijiita msaidizi: buda, unamshikia mwizi ngazi.