Mvumo wa Masikio: Kukosa Dawa si Kukosa Njia

Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ambayo mwaka 2012 ilitolewa Mkoa wa Shinyanga na kuingizwa Mkoa mpya wa Geita. Katika ukanda huu wa dhahabu wachimbaji wadogo hutoboa miamba, hulipua baruti na kusaga mawe kwa makarasha. Jioni mashine huzimwa. Lakini kwa baadhi yao kelele hazizimiki. Masikio huendelea kuvuma, kupiga mluzi au kulia kama nyenje, hali nje pako kimya.

Mwenye mvumo huo aweza kuambiwa mambo mawili, nayo yote yana makosa: kwamba amerogwa, au kwamba hana la kufanya kwa kuwa hakuna dawa.

Ndani ya sikio, katika sehemu iliyojiviringa kama kombe la konokono, mna chembe hai zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Kelele kali huziharibu, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa habari zilizoletwa na chembe hizo, wataalamu wengi huona kwamba huongeza usikivu wake, kama mtu afunguliaye redio kwa nguvu pale kituo kisiposikika vizuri, akaishia kusikia mkwaruzo wa redio yenyewe. Nta iliyoziba sikio, maambukizi, na kwinini au aspirini kwa kipimo kikubwa huweza pia kuleta mvumo. Kwa hiyo hapana budi kuanza kwa daktari. Tena upesi, iwapo mvumo uko sikio moja tu, unafuata mapigo ya moyo, au umekuja pamoja na uziwi wa ghafla.

Ni kweli kwamba hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuuondoa mvumo uliotokana na kelele. Lakini ubongo huweza kuuzoea, kama vile mkazi wa jirani na mashine ya kusaga asivyoisikia tena. Kinachozuia mazoea hayo ni hofu, maana jambo linaloogopwa husikilizwa. Ndiyo sababu ushauri wa kitaalamu unaobadili fikra na hofu za mgonjwa umeonekana kumpunguzia taabu, ingawa sauti yenyewe haikomi. Usiku, redio yenye sauti ya chini husaidia kuliko ukimya mtupu; na aliyepungukiwa usikivu hufaidika na chombo cha kusikilizia. Beethoven alimlalamikia rafiki yake mwaka 1801 kwamba masikio yake yalivuma usiku na mchana. Simfoni yake ya Tisa ilipigwa hadharani mwaka 1824.

Hata hivyo, kuzoea si sababu ya kuacha kinga. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu. Mwanafunzi wa fizikia akikokotoa ataona kwamba kwenye desibeli 100 muda uliobaki ni dakika 15 tu. Hesabu hiyo yafaa ifundishwe katika kila shule ya ukanda wa dhahabu, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi hao ndio wachimbaji wa kesho.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003. Kilichobaki ni kizibo cha masikio kuhesabiwa kuwa chombo cha kazi, sawa na sururu.