Bao la Maua liuzwe Maua kwanza

Fundi anayechonga bao la kuchezea hapa Maua asimtegemee mtalii peke yake. Mji huu unaijua vizuri hasara ya soko moja: Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, wakulima wengi wa huku Igembe walikosa mapato, na Somalia ilipofunga mlango mwaka 2020 kidonda kikatoneshwa. Wachezaji tunao hapa hapa. Vijana wanaocheza drafti juu ya kadibodi kwa vifuniko vya soda ni wateja ambao bado hawajaletewa kitu.

Wapo watakaosema mwenyeji hatalipa. Hoja hiyo ina uzito, ila tuitazame kazi yenyewe: mashimo 32 ya kuchonga kwa patasi na kulainisha kwa msasa, yakiwemo mawili ya nyumba, ya mraba, yanayotaka mkono uliotulia. Na ubao wa mti wa muuru usiokauka sawasawa huweza kupasuka, ukapasuka na jina la fundi. Bei ya haki haiwezi kuwa ya kutupa. Basi mnunuzi alipe kidogo kidogo, na kete 64 za komwe ziingie kwenye bei hiyo hiyo, acheze siku ile ile anayolibeba bao lake.