Mvumilivu Hula Mbivu za Nani?

Kwa miaka mingi nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu sikuruhusu mahafali yapite bila kuwaambia wahitimu kwamba mvumilivu hula mbivu. Wahitimu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikaketi nikijiona nimewaachia urithi. Leo, katika umri wa miaka sabini na ushei, naona niliwapa nusu ya maneno. Na wale wanaoendelea kuyatoa majukwaani nawaomba waje tubishane.

Mchukue Josh Gibson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1911 katika jimbo la Georgia. Alicheza besiboli, mchezo ambao kwetu haujulikani sana, lakini kazi yake yaelezeka. Alikuwa mdakaji. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa kinyago cha chuma usoni, na mpira ambao mpigaji ameukosa au kuuacha ni wa kwake. Katika mchezo mmoja mipira mia moja na zaidi hurushwa kuelekea kwake, mingine ikija kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa. Vidole huvunjika, magoti huchakaa. Kama yuko mtu uwanjani anayestahili kutufundisha uvumilivu, ni huyo. Tena Gibson, licha ya kudaka, alikuwa mpigaji wa kuogopwa.

Hakupata kucheza hata siku moja katika ligi kuu. Haikuwapo sheria iliyoandikwa ya kuwakataza weusi. Wenye timu walielewana tu. (Ajabu ni kwamba Moses Fleetwood Walker, mweusi aliyecheza katika ngazi hiyo ya juu mwaka 1884, naye alikuwa mdakaji. Baada ya mwaka ule lango likafungwa.) Basi Gibson akacheza katika ligi za weusi, katika timu za Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Walisafiri kwa basi mwendo mrefu, na hoteli nyingi hazikuwapokea watu wa rangi yao. Alipopata nafasi alikwenda kutafuta riziki uwanjani Puerto Rico na Mexico. Alifariki Januari 1947, akiwa na miaka 35. Tarehe 15 Aprili mwaka huo huo Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Miezi mitatu haikutimia.

Wapinzani wangu, nao ni walimu wenzangu, hunijibu kwa kunitajia Roy Campanella. Yeye naye alikuwa mdakaji mweusi. Alianza katika ligi za weusi akiwa na miaka 15, akangoja, na mwaka 1948 akaingia Dodgers, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu. Ajali ya gari ya Januari 1958 ilimpoozesha, naye akaishi na ulemavu huo hadi mwaka 1993 bila kuinamisha kichwa. Nakubali yote, tena namvulia kofia. Lakini alimzidi Gibson kwa nini? Si kwa uvumilivu. Gibson alizaliwa 1911, Campanella 1921. Mwenye ufunguo, aliyekaa upande wa ndani, alipoamua kufungua, Campanella alikuwa bado kijana. Nani angethubutu kumwambia Gibson kwamba hakungoja vya kutosha?

Mwaka 2024 ligi kuu iliziingiza takwimu za ligi za weusi katika vitabu vyake, na jina la Gibson likapanda hadi juu kabisa katika orodha ya wapigaji wa nyakati zote: wastani wa mapigo 372 kwa kila nafasi 1,000, dhidi ya 367 za Ty Cobb. Mbivu ndizo hizo. Zilifika miaka 77 baada ya mlaji kuzikwa, katika kaburi ambalo kwa miaka mingi halikuwa na hata jiwe lenye jina lake.

Sisemi vijana wakate tamaa. Bila uvumilivu Gibson asingedaka mpira hata mmoja. Ninachokataa ni mwenye lango kuuhubiri uvumilivu huku ufunguo uko mfukoni mwake. Wa kuhubiriwa ni yeye. Nami kwa miaka yote ile sikumhubiria. Alikuwa ameketi meza kuu, mgeni rasmi, nami nikiwageukia vijana.

Mwaka jana kijana wa bodaboda alinichukua kutoka sokoni, tulipofika akakataa nauli. Nilikuwa mkuu wake wa chuo. Cheti anacho, na kila ajira za ualimu zilipotangazwa aliomba, kwa miaka sita. “Bado navumilia, mwalimu,” aliniambia, bila kejeli hata kidogo. Jioni ile chakula hakikupita.

Sasa nimealikwa tena kuzungumza kwenye mahafali, na mada nimepangiwa: uvumilivu. Nimeandika barua kuuliza, kati ya wahitimu wao wa miaka mitano iliyopita, ni wangapi wameajiriwa na wangapi wangali wakingoja. Nitakwenda na tarakimu hizo mkononi au sitakwenda. Majibu bado sijayapata.