Mastaa wa gi za kupigia picha, waacheni vijana wa Tabora wafanye mazoezi

Mjini kuna kiki mpya. Staa akiona jina limepoa anatafuta gi, ile nguo nzito ya jujitsu ya Kibrazili, anafunga mkanda mweusi, anakunja sura, picha inapanda. Laiki zinamiminika. Mkeka wenyewe hajaulalia hata dakika tano.

Ingeishia hapo ingekuwa burudani tu. Tatizo ni pale dogo wa Isevya au Cheyo pale Tabora anapoiona ile picha. Anauliza bei, anatajiwa hela ya kulipia kodi ya chumba miezi kadhaa, anakata tamaa kabla hajaanza. Halafu anatokea kocha wa mitandaoni kupigilia msumari: huna gi ya brandi, hauko siriasi. Huo ni uongo, na unawafukuza watoto wa watu kwenye mchezo.

Kwanza, kumfundisha mtu wa Tabora kuchagua kitambaa kwa kuangalia nembo ni kichekesho. Enzi za misafara, huu mji ulikuwa njia panda kati ya Bagamoyo na Ujiji, na kitambaa kilikuwa ndiyo hela. Kilihesabiwa kwa shuka na doti, doti moja shuka mbili. Kilichotamba ni merikani, pamba ngumu isiyopaushwa kutoka viwanda vya Marekani, ndiyo maana ya hilo jina. Stanley aliyepita hapa mwaka 1871 aliandika jinsi kila sehemu ilivyokuwa na shanga na vitambaa inavyovitaka. Ukileta kisichotakiwa, umebeba mzigo wa bure. Mnunuzi wa bara ndiye aliyeamua, siyo tajiri wa pwani.

Basi na leo kagueni wenyewe. Kwenye huu mchezo mpinzani anakamata kola, mikono na suruali, anavuta kwa nguvu zote. Kwa hiyo gi nzuri ina kola nene, imeshonwa mara mbili mabegani na kwapani, na magotini imeongezwa kitambaa. Nembo kifuani haizuii mshono kufumuka.

Ukikutana na nguo za karate kwenye mitumba, tulia. Nyingi ni nyepesi, zimetengenezwa kwa kupiga ngumi na mateke, zikivutwa sana zinachanika. Ya judo ni bora zaidi, maana judo nayo ni mchezo wa kukamatana. Inaweza kupwaya kidogo, lakini kwa kuanzia inatosha kabisa. Goti likitoboka, fundi cherehani yupo. Ila kabla ya kuivaa, ifue vizuri.

Huna kabisa? Kuna mazoezi ya bila gi. Fulana ya kubana na bukta, basi. Bukta isiwe na mifuko wala zipu, maana kidole kikinasa humo kinaweza kuvunjika. Hela kidogo inayobaki nunua kinga ya meno, ile unayoilainisha kwenye maji ya moto halafu unaing'ata. Hiyo haipendezi kwenye picha, ila jino likitoka halirudi.

Anayewaza mashindano ajue sheria za shirikisho la kimataifa, IBJJF. Gi ni nyeupe, bluu au nyeusi. Ukinyoosha mkono mbele, shati lisiishie zaidi ya sentimita 5 kabla ya kifundo. Ile ya pinki ya mdada wa mjini ingerudishwa mlangoni, hata kama ameagiza Dubai.

Na mkanda ndiyo aibu yenyewe. Kwa watu wazima unaanza mweupe, unapita bluu, zambarau na kahawia ndipo uufikie mweusi. Kwa sheria hizo hizo, aliye chini ya miaka 19 hawezi kuupata mweusi, na wengi wanautafuta kwa miaka kama kumi. Kuununua dukani ukaupigia picha ni sawa na kuvaa joho la digrii wakati hata fomu ya chuo hujachukua.

Watetezi wao watasema, si wanatangaza mchezo? Sawa, watangaze. Wavae mkanda mweupe, waoneshwe wakigaragazwa kama kila anayeanza, wafue nguo kila baada ya mazoezi maana fangasi hawajui nani ana wafuasi wengi. Zile gi wanazovaa mara moja na kuzitupa kabatini wazitume Tabora. Treni inafika huko tangu 1912, kwa hiyo kisingizio cha usafiri hakuna.

Dogo wa Isevya, anza na ulichonacho kikiwa kisafi, na kata kucha.

Wadau, nani anamjua staa mwenye mkanda mweusi wa kweli? Tiririkeni hapo chini.