Wingu lililolala chini ya bahari

Neno “wingu” limetupotosha. Mtu akiambiwa picha zake ziko kwenye wingu huinua macho juu, kumbe ziko kwenye diski, ndani ya kompyuta zilizopangwa kwenye rafu, katika jengo lenye walinzi, jenereta na mitambo ya kupoza hewa inayonguruma usiku kucha. Mara nyingi jengo hilo liko Ulaya au Afrika Kusini, nasi tunalifikia kwa nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zilizolazwa chini ya bahari.

Mei 12, 2024 tulilijua hilo kwa uchungu. Nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ya Tanzania, Kenya na Uganda ikasuasua. Kwenye skrini za simu duara likawa linazunguka tu. Faili lililoandikwa Dar es Salaam, na anayelisubiri yuko mtaa wa pili, huenda lisifunguke siku kama hiyo ikiwa limehifadhiwa ng’ambo.

Kwa hiyo serikali zetu zihakikishe kumbukumbu za hospitali, mahakama na ardhi zinahifadhiwa kwanza katika vituo vya data vya hapa nyumbani, na nakala ya pili iwekwe mbali. Mikataba ya huduma za wingu nayo iandikwe kwa Kiswahili, itaje wazi seva ziko nchi gani.