MWAKA KOGWA: MILA AU ITIKADI?



Kila Julai huko Makunduchi, Unguja, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na moshi wake hutazamwa ili ijulikane bahati ya mwaka. Tukikataza huambiwa: "Ni mila tu." Laiti ungekuwa mchezo mtupu! Anayetafuta ghaibu katika moshi amekwisha kuingia katika itikadi.

Asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina na siku mbili za michezo ya kijahiliya, akawafahamisha kuwa Allah amewabadilishia zilizo bora: Idi mbili. Baadhi ya wanazuoni wameitaja Nairuzi kuwa mojawapo ya zilizoondolewa.

Wasema siku hiyo wagomvi hupatana. Je, Idi haiwatoshi?